Kompyuta ya Mwalimu Magesa Ilivyosahau Diski Yake

Vijana wa vibanda vya kompyuta pale Buhongwa mmeniganda siku nyingi: "Bibi Adventina, tuandikie, tuandikie." Haya, naandika. Ila msije mkalalamika kwamba nimeanzia katikati, maana hata kazi yenyewe niliianzia katikati. Sikupita chuo. Niliingilia mlango wa nyuma wa duka la fundi redio, nikiwa sina kazi na viatu vimechoka, na Mungu akaniweka mikononi mwa mtu mwema.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hilo neno lenu, "imekufa". Mteja analeta kompyuta yake kuukuu, mnaiwasha, skrini inasema haioni diski, na kabla chai haijapoa mmeshatoa hukumu: imekufa, nunua nyingine. Nyie ni mafundi au wachimba makaburi? Nimezika diski na mimi, sikatai. Lakini nimeona nyingi zikizikwa huku zinapumua. Diski isiyoonekana ni kama mtu asiyeitika hodi. Huenda amekufa kweli. Huenda pia yuko uani anafua, au wewe ndiye umegonga nyumba siyo yake.

Miaka ile ya tisini, milango ya biashara ilipofunguliwa, mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma hapa Mwanza. Ofisi ikapunguza watu, nami nikapunguzwa, utadhani binadamu ni maji ya ugali. Wakati huohuo mizigo ilikuwa inamiminika kutoka Dubai na Nairobi: televisheni, majokofu, na kompyuta ambazo wenzetu huko walikuwa wameshazichoka. Zikiharibika zilipelekwa kwa mafundi redio, maana nani mwingine alikuwa na bisibisi?

Fundi Salehe alikuwa na duka lake upande wa Makoroboi. Mtu mfupi, mwenye kofia ya kufuma na ulimi usiolala. Nilikwenda kumwomba kazi ya kuandika chochote kinachoandikwa. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe Mhaya?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi karibu. Nyie mnaongea Kiingereza hata na kuku. Hizi mashine zinanisemesha Kiingereza kutwa nzima, na mimi nimechoka kuziitikia ndiyo ndiyo. Kaa hapo uniambie zinasema nini."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Yeye alijua waya, mimi nilijua kibodi. Mwanzoni nilikuwa mkalimani tu, lakini hakuwa mtu wa kukuacha ukae na mikono mitupu. Alinipa bisibisi, akanifundisha kwanza kuitumia bila kuzungusha chochote: unaweka ncha yake juu ya diski, mpini unaubana sikioni, kisha unawasha umeme. Kama diski inazunguka utasikia mvumo laini. Kama imekwama utasikia inajaribu na kushindwa, tik, tik, tik. Kama hakuna sauti kabisa, rudi kwenye waya wa umeme kabla hujafikiria jambo lingine. Nimetumia vipimo vya kila namna baadaye, na bado naweka bisibisi sikioni. Mjukuu wangu anasema naonekana kama daktari wa mbuzi. Aseme tu.

Alinifundisha pia ule waya mpana wa kijivu unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye diski, wenye mstari mwekundu ubavuni. "Mwekundu alale upande wa umeme," alikuwa akiimba, yaani ule mstari uelekee pale waya wa umeme unapochomekwa. Ukiupindua, diski haionekani, na taa ya mbele inawaka moja kwa moja bila kupepesa. Basi siku moja yeye mwenyewe, mwalimu wa wimbo, akaupindua. Taa ikawaka, ikagoma kuzima. Fundi Salehe akatoa jasho, akabadilisha hiki, akabadilisha kile, akasoma na dua. Nikamwambia polepole, "Fundi, mwekundu kalala upande gani?" Akainama, akaona, akanyooka. "Nimefanya makusudi," akasema, "nilitaka kuona kama unaangalia." Mteja alicheka mpaka akakaa chini, na fundi akaendelea kushikilia hadithi yake hiyohiyo mpaka jioni.

Na zile diski mbili katika waya mmoja. Nyuma ya kila diski kulikuwa na vijiti, na kidude cha plastiki cha kuvalisha vijiti viwili, tulikiita jampa. Jampa ndiyo iliyokuwa inaamua nani mkubwa na nani mdogo. Zikiwa wakubwa wote wawili, mashine ikiita zinajibu kwa pamoja na haielewi kitu. Zikiwa wadogo wote wawili, hakuna anayejibu. "Ni kama wake wenza," fundi aliniambia, "usipopanga mapema, usilale humo." Naye alijua alisemalo, kwa kuwa alikuwa na wawili, mmoja Kirumba, mmoja Igoma, na sikusikia hata siku moja kwamba amewaweka waya mmoja.

Kuna ofisi ya wanunuzi wa sangara kule ufukweni ilikuwa inatuita kila wadudu wa ziwani walipotoka. Mnawajua, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi kisha upepo unawaleta mjini. Feni ya kompyuta iliwavuta ndani, wakatanda kama blanketi juu ya bodi, wakaingia mpaka kwenye matundu ya waya. Diski haionekani. Karani wao alishaandaa maneno ya kumwambia bosi. Mimi nikachomoa waya, nikapiga brashi, nikapuliza, nikarudisha, nikachomoa tena na kurudisha tena, maana chuma kikisuguana na chuma kinajisafisha chenyewe. Ikaonekana. Karani alinifungia samaki mkubwa hata nikashindwa kupanda naye gari, nikatembea naye begani mpaka nyumbani. Wanangu wanaikumbuka siku ile kuliko sikukuu. Kazi hii imenilisha vizuri, na namshukuru Mungu kwa kila mlo.

Lakini niliyotaka hasa kuwasimulia ni ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe.

Mzee mmoja aliingia dukani asubuhi, amevaa koti, ana mwavuli, na alipokuwa anatafuta kiti alikipapasa kwanza kwa mkono. Macho yake yalikuwa na ukungu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akajitaja: Mwalimu Magesa, mstaafu, amefundisha hesabu Ukerewe tangu ujana wake. Alikuwa ametoka na meli.

"Mashine iko wapi, Mwalimu?" Fundi Salehe akauliza.

"Iko nyumbani. Sikuthubutu kuibeba. Haioni diski. Kuna kijana fundi alipita kule akasema imekufa, nimruhusu aitoe aweke mpya. Nikamwambia aache kwanza."

"Ndani kuna nini?"

"Kuna mama yangu," akasema.

Tukamwacha aseme. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wazee wa mwisho waliokijua Kikerewe cha zamani, chenye maneno ya mitumbwi ya kushonwa, ya kilimo, ya mizimu, ya nyumba ya mtemi, ambayo vijana hawayatamki tena. Mwalimu alipostaafu alianza kuyakusanya. Kila neno aliliandikia sentensi, vilevile mama alivyoitamka. Karatasi za kwanza zililiwa na mchwa. Mtoto wake aliyeko Dar akamtumia kompyuta ambayo ofisi yao ilikuwa inaitoa, na Mwalimu akaanza upya, neno kwa neno, mama yake amekaa pembeni kwenye mkeka. Walipofika mbali sana mama akaugua, akafariki.

"Sasa mama hayupo," akasema, "na macho yangu ndiyo haya. Yakipotea yaliyomo, siwezi kuanza mara ya tatu. Hata ningeweza, nitamuuliza nani?"

Fundi Salehe akavua kofia, akaikunja magotini. Kisha akauliza swali lake la siku zote, lile ambalo nyie hamulizi. "Nani aliigusa mara ya mwisho?"

"Hakuna. Hilo naapa." Mwalimu alijinyoosha kwenye kiti. "Tangu tumzike haijaguswa. Niliifunika vizuri kwa kitambaa, nikasema haitafunguliwa mpaka matanga yaishe. Yalipoisha moyo ukakataa, nikaiacha ipumzike. Nilipoifunua hivi karibuni ndipo ikanigomea. Lakini haikuguswa na mtu, mwanangu. Niliitunza."

Fundi alinitazama, lakini hakusema alichokiona. Mgongo ulikuwa unamsumbua siku zile na meli ilikuwa inamtisha tangu utotoni. "Utakwenda wewe," akaniambia. "Kikerewe na Kihaya ni ndugu, mtaelewana. Beba bisibisi, brashi na flopi mpya, kile kidiski bapa cha kunakilia. Na ushike neno moja: kusoma hakuui, kuandika ndiko kunaua. Usiiandikie diski hiyo hata herufi moja mpaka umeshaona vyote vilivyomo."

Ilikuwa mara ya kwanza kunituma peke yangu. Nilisafiri na Mwalimu, na nilipokuwa nimeegemea ukingo wa meli nilikuwa nasali waziwazi.

Nyumbani kwake tulipokelewa na dada yake, Felista. Mama mtu mzima, amejifunga kanga kiunoni, anachekecha unga wa muhogo uani. Nilimwamkia kwa magoti kama kwetu. Aliitika, akanikaribisha maji, akaniuliza habari za Mwanza. Kisha akauliza, "Wewe ndiye umeletwa kuifufua ile?"

"Najaribu, shangazi."

"Mimi naomba Mungu ife kabisa." Alisema bila kupandisha sauti, huku anaendelea kuchekecha. "Mama alikuwa anaumwa, huyu kakaa pale na maswali yake. Hili mnaliitaje, lile mnaliitaje. Mimi namlisha uji, yeye anamtoa maneno. Alimmaliza mama kwa maswali, akayaweka yote ndani ya lile sanduku, na sasa sanduku nalo limenyamaza. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Nikamalizia maji yangu. Mwalimu alikuwa ameshaingia ndani. Nikagundua kwamba tangu tufike ndugu hawa wawili hawajasemeshana; walikuwa wananituma mimi. Mwambie maji yapo. Mwambie jenereta iko tayari. Na walikuwa wamebaki wao wawili tu katika nyumba ile.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, kando ya kabati la vikombe vya wageni, na yenyewe ilikuwa imetunzwa kama vikombe vile. Kitambaa cheupe cha kufuma juu ya skrini, kingine juu ya sanduku, kingine juu ya kibodi, vyote vimefuliwa na kunyooshwa. Mnajua tulivyo. Kitu tukikipenda tunakivika nguo na kukataza watu kukigusa. Mwalimu akavitoa kimoja kimoja, akavikunja, akaomba jirani aliyekuwa uani avute jenereta.

Mashine ikawaka. Ikahesabu kumbukumbu yake, ikasema haioni diski. Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya sanduku, usawa wa diski, mpini sikioni. Ilikuwa inavuma, laini kabisa, kama mtu mwenye afya. Nikatazama tena skrini, na safari hii nikatazama pembeni, kwenye tarehe. Ilikuwa tarehe ya zamani kuliko mashine yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Fundi Salehe alinitazama vile.

Sikilizeni vizuri, kwa sababu vitu hivi bado viko vijijini na mtaletewa. Mashine za enzi zile hazikuwa na akili ya kuitambua diski zenyewe. Ziliambiwa mara moja: una diski, ukubwa wake huu, umbo lake hili. Hayo yalihifadhiwa na betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi, na betri ile ilijichaji pale tu mashine ilipowashwa. Mashine ikitumika kila siku, betri inashiba. Mashine ikipumzishwa, betri inaisha, na ikiisha mashine inasahau siku, inasahau mwaka, inasahau kwamba iliwahi kuwa na diski. Diski haina kosa lolote. Ipo pale pale inavuma na hakuna anayeijua.

"Mwalimu," nikasema, "umeiheshimu kupita kiasi."

Nikamweleza. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni betri, Mwalimu. Nani angekuambia mashine inataka kusumbuliwa?"

Nilipozima na kufungua sanduku nikaona betri imeanza kuvuja, bodi ina ukungu wa kijani pembeni yake. Dawa yake ni kitu kichachu, hivyo nikaenda uani kwa Felista kuomba ndimu.

"Mashine nayo inakula ndimu?"

"Kidogo tu, shangazi. Imechafuka."

"Haya. Na chumvi?" Alinikazia macho nisijue kama anatania. Lakini ndimu alinipa, tena aliikata mwenyewe na kuiweka kwenye kisahani. Nikasafisha kwa kitambaa, nikafuta kwa spiriti, nikaacha pakauke.

Sasa ilibaki kuiambia mashine umbo la diski yake. Lazima uipe namba tatu: silinda, vichwa na sekta. Huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Niliifungua diski kutoka mahali pake, nikaigeuza. Ukubwa ulisomeka. Silinda zilisomeka, vichwa vilisomeka. Namba ya sekta ilikuwa imeliwa na kutu. Nikaifuta kwa ncha ya kanga, nikaigeuza kwenye mwanga, wapi. Ukikosea namba hiyo mashine inasoma ovyo, na ikipata mtu wa haraka inaandika ovyo, na hapo ndipo mauti yenyewe.

Mwalimu alisikia nimenyamaza. "Umekwama wapi?"

"Kuna namba moja haisomeki."

"Nipe unazozijua. Zinahusianaje?"

Nikamwambia kwamba silinda mara vichwa mara sekta ndiyo idadi ya vyumba vyote vya diski, na kila chumba kinabeba baiti mia tano na kumi na mbili, na jumla ndiyo ukubwa. Jamani, ningetamani mngeuona uso wa yule mzee. Alikaa wima. Mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe kana kwamba umeshika chaki. "Basi hiyo si namba iliyopotea," akasema, "hiyo ni namba ya kutafutwa tu." Akaniomba nimtajie tarakimu polepole, akagawanya kichwani, midomo inacheza, akagawanya tena.

"Kumi na sita na kitu. Karibu kumi na saba. Inaweza kuwa na kipande?"

"Haiwezi. Ni nzima tu. Na ukubwa wa hapa wameukata, hawakuandika tarakimu za mwisho."

"Basi ni kumi na saba. Andika, mwanangu."

Niliirudisha diski, mwekundu upande wa umeme, nikawasha, nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, nikajaza zile namba. Hayo yanaandikwa kwenye bodi, hayaigusi diski. Nikaianzisha upya bila kukata umeme, isije ikazisahau tena. Feni ikaendelea kuvuma. Taa ya mbele ikapepesa mara moja, ikatulia, kisha ikaanza kupepesa harakaharaka na diski ikakwaruza kwa ile sauti ambayo nyie hamuijui, sauti ya mashine inayotafuta kitu na kukipata. Skrini ikajaa. Nikamsomea Mwalimu majina ya mafaili. Alinishika mkono, na nusura nilie mbele ya mteja.

Kabla ya kufurahi, nakili. Hilo ni la Fundi Salehe pia. Nilinakili kila kitu kwenye flopi, nikaifungia kwenye mfuko wangu wa ndani, ndipo nikafungua faili.

"Nisomee," Mwalimu akasema. "Popote."

Nilisoma. Ni lugha yao, lakini karibu kila neno lilinifungukia, na mahali nilipoteleza Mwalimu alinisahihisha kwa upole. Neno, maana yake, kisha sentensi ya mama. Sentensi hazikuwa za kitabuni. Zilikuwa mama mtu mzima anayeumwa, amekaa mkekani, anaulizwa maneno huku anaendesha nyumba yake. Neno la kupalia: mwambie Felista magugu hayangoji. Neno la mtungi: Felista, mtungi huo una ufa, ulikuwa unamtazama nani kisimani? Nilikuwa na sauti ya juu siku zile, na Kihaya changu kilikuwa kinazivuta silabi kama wazee wa kule.

Nikafika kwenye neno la kuungua. Sentensi yake ilikuwa: Felista we, samaki anaungua, uko wapi?

Uani mtu akaitika.

Aliitika kwa Kikerewe, upesi, kama binti anavyomwitikia mama yake kutoka jikoni. Kisha chekeche ikanyamaza. Mwalimu aliinua uso. Kitambo kidogo Felista akasimama mlangoni, mikono myeupe kwa unga, ananitazama mimi, anatazama mashine, anatazama mkeka ule mtupu wa mama.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena.

"Siku ile sikuwa mbali. Nilikuwa nimeegemea ukuta huu huu nje nalia, nisionekane." Akajifuta shavu kwa kiwiko. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akamgeukia kaka yake. "Kumbe uliandika na hayo?"

"Niliandika kila alichosema," Mwalimu akajibu. "Mimi ndiye niliyekuwa namuuliza, Felista. Lakini aliyekuwa anaongea naye ni wewe. Umo kila mahali humo. Ukiniuliza mimi nimetajwa wapi, sina pa kukuonyesha."

Felista aliingia, akakaa sakafuni karibu na miguu ya kaka yake, unga na yote. "Rudi mwanzo," akaniambia. "Usiruke hata moja."

Nikarudi mwanzo. Tulisoma, na walianza kubishana, huyu anasema mama hakulitamka hivyo, yule anasema wewe ulikuwa shuleni utajua nini, na walicheka, na walinyamaza pamoja. Tulipokuwa tumefika mbali, jenereta ikakohoa nje, skrini ikapungua mwanga, na kila kitu kikazimika. Nikafungua kinywa niwaambie wasiogope, hakuna kilichopotea, flopi iko mfukoni mwangu.

Hawakuwa wananisikiliza. Felista alikuwa ameshasimama. Alichukua dumu tupu la petroli pembeni ya mlango, akakaza kanga, akatoka na unga wake mikononi, na kutoka barabarani tukamsikia anapiga hodi kwa jirani, anaomba mafuta ya kompyuta ya mama.